Jinzi Hairuhusiwi: Historia ya Mlango wa Klabu za Ngozi na Mpira

Januari 1983, katika kichochoro cha Falconberg Mews mtaani Soho, London, klabu ya Stallions ilianza kugeuka kitu kingine kila Jumatatu usiku. Siku nyingine ilikuwa mahali pa kunywa na kucheza muziki kama palivyo pengi Soho. Jumatatu iliitwa Skin Two, na mlangoni kulikuwa na sharti moja: asiyevaa ngozi, mpira au kitu cha jamii hiyo arudi alikotoka. Mwanzilishi wake, David Claridge, alikuwa fundi wa vikaragosi vya televisheni. Aprili mwaka huohuo kikaragosi chake, panya mwenye maneno mengi aitwaye Roland Rat, kilianza kuonekana kwenye kituo cha TV-am kilichokuwa kikikata roho kwa kukosa watazamaji, kikakinyanyua. Watoto wa Uingereza walikuwa wakinywa chai ya asubuhi huku wakimcheka panya, wala wao wala wazazi wao wasijue mwenye sauti ile anaendesha nini Jumatatu usiku. Magazeti ya udaku yalipopata habari, hayakuinyamazia.

Sharti lile la mavazi wengi hulidhani ni maringo ya watu wa mjini. Ukilifuatilia nyuma utakuta lilianza kama ulinzi. Mtu aliyevaa suruali ya mpira inayong'aa hawezi kesho yake kudai kwamba alikuwa anapita njia akachungulia tu. Naye amejianika kama wenzake. Mwenye suti ya ofisini, kinyume chake, anaweza kuwa mwandishi wa habari, askari kanzu, au mlevi aliyekuja kucheka watu. Vazi lilifanya kazi ambayo kadi ya uanachama isingeiweza: lilihakikisha kwamba kila aliyemo ndani ana cha kupoteza.

Wanaozungumziwa hapa ni watu ambao mvuto wao wa kimapenzi umeshikamana na kitu: mng'aro wa mpira, harufu ya ngozi, kisigino kirefu, koseti iliyokazwa, sare ya askari. Huko Ulaya na Marekani mambo hayo huitwa fetishi, na klabu zao zimebeba jina hilo. Yanayofanyika katika vyumba vya ndani hayatugusi. Historia inayovutia zaidi iko mlangoni na kwa mafundi waliowavisha waliosimama hapo.

Mafundi walitangulia klabu kwa miaka mingi. Mwaka 1823 Mskoti Charles Macintosh alisajili hataza ya kitambaa kisichopitisha maji: matabaka mawili ya nguo, katikati mpira ulioyeyushwa. Makoti yake yalinuka, jua likizidi yalinata, baridi ikizidi yalikakamaa, hadi Charles Goodyear kule Marekani na Thomas Hancock kule Uingereza walipopata, kati ya 1839 na 1844, namna ya kuupika mpira pamoja na salfa ukatulia. Koti la mvua likaenea kwa makarani, wachungaji na walimu. Na kwa kuwa hakuna kitu kinachovaliwa na wengi ambacho hakitapata wa kukipenda kupita kiasi, gazeti la London Life la miaka ya 1920 na 1930 lilijaa barua za wasomaji waliosimulia, kwa adabu zote za wakati ule, raha ya kutembea mvuani ndani ya makintoshi. Walikuwa wanaandikiana bila kuonana. Hapakuwa na mahali pa kukutania.

Aliyewapa nguo za kweli alikuwa John Sutcliffe. Mwaka 1957 alianza kushona mavazi ya ngozi ya wapanda pikipiki, yanayobana mwili mzima kutoka shingoni hadi kifundoni, na muda si muda akagundua kwamba wateja wake wengi hawakuwa na pikipiki. Jina la biashara yake lilikuwa AtomAge, na mwaka 1972 akaligeuza pia kuwa jarida. Kazi yake ilifika kwenye sinema: vazi jeusi la ngozi alilovaa Marianne Faithfull mwaka 1968 katika filamu ya msichana na pikipiki ni la kwake. Televisheni nayo ilikuwa imeshaandaa macho ya umma. Katika The Avengers, tangu 1962, Honor Blackman alikuwa akiwatupa wanaume chini kwa judo, suruali za kitambaa zikawa zinampasukia mbele ya kamera, ndipo ikapendekezwa avae ngozi. Sababu ilikuwa mshono tu, lakini nchi nzima ilikuwa inatazama, na matokeo yake hayakuwa ya mshono.

Upande wa ngozi, Wamarekani walikuwa na njia yao. Marlon Brando alivaa jaketi la ngozi kwenye filamu mwaka 1953. Mwaka uliofuata, mjini Los Angeles, wanaume wapenzi wa jinsia moja walianzisha klabu ya pikipiki ya Satyrs. Mchoraji Touko Laaksonen wa Finland, aliyejulikana kama Tom of Finland, akawapa sura: vifua vipana, buti, kofia za ngozi. Michoro yake iliyokuwa ikipitishwa kwa siri ilitolewa na posta ya Finland kama stempu mwaka 2014, mtu akaweza kuibandika kwenye barua ya bibi yake.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: mpira wenyewe ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwetu. Baada ya John Boyd Dunlop kuleta tairi la upepo mwaka 1888, dunia iliutaka mpira kwa pupa, na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akaigeuza Kongo kuwa shamba lake la mateso. Wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kukinga utomvu wa mitambaazi ya Landolphia, mmea wa ukoo mmoja na mbungo, ambao matunda yake Waunguja na Wapemba huyakamua juisi. Aliyeshindwa kutimiza kipimo alifungiwa mke, mikono ilikatwa. Ilichukua hadi 1908 kwa Leopold kunyang'anywa nchi hiyo. Pwani ya Tanganyika ya Wajerumani nako mpira wa porini ulipelekwa ng'ambo kupitia Kilwa na Lindi, kisha mashamba ya mpira wa kupandwa yakafunguliwa Tanga, yakaanguka bei ilipoporomoka mwaka 1913. Mshindi alikuwa mti wa Hevea, ambao mbegu zake zipatazo 70,000 Henry Wickham alizitoa Brazil mwaka 1876 na kuzifikisha London, na ambao wajukuu wake wako Malaysia, Thailand na Indonesia. Anayevaa vazi la mpira leo habebi dhambi za Leopold. Ila inashangaza kidogo kwamba katika majarida yote ya wapenzi wa mpira, yanayochambua unene na mng'aro wake hadi mwisho, swali hili halichomozi.

Turudi mlangoni. Ubao maarufu kuliko yote ulitundikwa New York, katika klabu ya wanaume ya Mineshaft, namba 835 Washington Street, mtaa wa wauza nyama wa jumla. Klabu ilifunguliwa 1976, na tangazo la mavazi lina tarehe ya 1 Oktoba mwaka huo. Manukato yamekatazwa, ya aina yoyote. Suti, tai, suruali za heshima, sweta za wabunifu, vyote vimekatazwa. Vinavyoruhusiwa ni ngozi, sare, mashati ya mirabaraba, fulana, jinzi na jasho. Ndiyo, jasho limeandikwa. Mlinzi hakuangalia tu, alinusa. Aliyejipulizia marashi kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amejinyima usiku.

Jinzi iliruhusiwa New York, na London ikawa ndiyo ya kwanza kukataliwa. Tofauti hiyo inaeleza mengi. Mineshaft ilikuwa inaigiza mfanyakazi wa bandarini, fundi, mwendesha lori. Adui yake alikuwa mwanamume wa disko aliyetoka saluni. London ya 1983 ilikuwa inawakimbia watu wa mtaani, nao mtaa mzima ulikuwa umevaa jinzi. Kitambaa kimoja, hukumu mbili. Kilichokuwa kikichujwa ni mtu asiyejisumbua, popote alipo.

Mineshaft ilifungwa na mamlaka za jiji Novemba 1985, katika hofu ya UKIMWI. Imeacha alama mahali pasipotarajiwa: Freddie Mercury amevaa fulana yenye jina la klabu hiyo katika video ya wimbo wa Queen wa Don't Stop Me Now, na mamilioni wameitazama bila kujua wanasoma nini kifuani mwake.

London ilijifunza ukali wa mlango kwingine. Mwaka 1979 Steve Strange na Rusty Egan walianza kukodi baa ya Blitz, Great Queen Street, kila Jumanne. Strange alisimama nje mwenyewe, akawakataa wote asiowaona wamejitahidi. Inasimuliwa mara nyingi kwamba hata Mick Jagger aliambulia patupu. Boy George alikuwa akipokea makoti. Mwaka 1985 Leigh Bowery, Mwaustralia mwenye mwili mkubwa na ubunifu wa kutisha, alifungua Taboo kwenye uwanja wa Leicester Square, na mlinzi wake akawa na mtindo wa kumshikia mtu kioo na kumuuliza kama yeye angejiruhusu kuingia. Hizi hazikuwa klabu za fetishi. Lakini ziliizoesha London wazo kwamba pesa mfukoni si hoja, hoja ni ulivyokuja.

Kabla yao wote kulikuwa na duka. Namba 430 King's Road, mwaka 1974, Vivienne Westwood na Malcolm McLaren waliliita duka lao SEX, kwa herufi kubwa za waridi juu ya mlango, wakauza mavazi ya mpira kwa wateja wa aina mbili ambao hawakutazamana machoni: vijana ambao baadaye wangeitwa punk, na wanaume wa makamo waliokuwa wakinunua vitu hivyo kwa posta ndani ya bahasha zisizo na jina. Muuzaji wao aliyejulikana zaidi, Pamela Rooke aliyejiita Jordan, alikuwa akisafiri kwa treni kila siku kutoka Seaford, pwani ya Sussex, akiwa amevaa hivyohivyo: nywele zimesimama, macho yamepakwa wino mweusi, mpira mwilini. Abiria walimsumbua kiasi kwamba wafanyakazi wa reli walimhamishia daraja la kwanza kwa usalama wake. Wengine wote walivaa koti refu juu.

Koti hilo refu ndilo vazi la kweli la historia hii, ingawa hakuna mpiga picha aliyelijali. Skin Two ilipoanza, watu walifika Soho kwa treni za chini ya ardhi wakiwa wamefungwa vifungo hadi kidevuni, katikati ya Januari hakuna aliyeshangaa, kisha wakateremka ngazi na kulivua. Wengine walibeba nguo kwenye mfuko na kubadilishia chooni. Ndani walikutana watu ambao kwa miaka walikuwa wakidhani wako peke yao: wasomaji wazee wa AtomAge, wabunifu vijana, wapiga picha. Klabu yenyewe haikudumu, ila jina lilinusurika. Mwaka 1984 Tim Woodward na mpiga picha Grace Lau waliliweka kwenye jarida, na kwa miaka mingi jarida la Skin Two likawa ndilo dirisha la biashara nzima. Wabunifu walipata pa kutangaza, wateja walipata pa kuagiza, na mialiko ya sherehe ilichapishwa humo.

Wasiwasi juu ya polisi haukuwa wa kubuni. Mwaka 1987 mkanda wa video uliangukia mikononi mwa askari, ukaanzisha uchunguzi uliokwisha Desemba 1990 kwa wanaume 16 kutiwa hatiani kwa mambo waliyofanyiana wao kwa wao, faraghani, kwa hiari. Machi 1993 Baraza la Lords liliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba ridhaa haikuwa utetezi kwa majeraha ya aina ile. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg haikutengua uamuzi huo mwaka 1997. Kwa mwenye klabu, maana yake ilikuwa nyepesi: mtu mmoja mwenye kamera au nia mbaya akipita mlangoni, hasara ni ya wote. Mlango ukakazwa.

Na ni katika miezi ileile ya kesi, mwaka 1990, ndipo David Wood na Allen Pelling walipofungua Torture Garden, magharibi mwa London. Jina lilitoka kwenye riwaya ya Mfaransa Octave Mirbeau ya 1899. Usiku wa kwanza walifika watu wapatao mia moja. Wazo lao lilikuwa kuchanganya wapenzi wa mpira na watu wa muziki wa kielektroniki, wachora tatuu, wacheza maonyesho ya jukwaani, yaani kuwaleta vijana mahali ambapo mpaka hapo palionekana pa wazee wenye siri. Walifukuzwa ukumbi huu na ule, wakahama, wakakua. Miaka michache baadaye sherehe zao kubwa zilikuwa zikijaza watu zaidi ya 2,000, na maelekezo ya mavazi yalikuwa yamerefuka: mpira, ngozi, sare, mavazi ya hospitali, ya kale, ya kubuni, mwili uliopambwa. Kilichobaki marufuku ni kilekile. Nguo za mtaani, jinzi, raba, suti ya kazini.

Kuvaa vazi la mpira ni kazi. Mvaaji huanza kwa kukata kucha na kuvua pete, mkufu na saa, kwa sababu kucha moja inatosha kuchana shilingi nyingi, na shaba iliyo kwenye vito huacha doa la kahawia lisilotoka. Hajipaki mafuta, mafuta hula mpira. Kisha humwagia poda ndani ya vazi, au hupaka kilainishi cha silikoni, maana mpira mkavu hushika ngozi ya mwili na kukataa kusogea. Huingiza mguu, hukusanya vazi kifundoni kama anayevaa soksi ndefu, halafu hulipandisha kidogokidogo kwa tumbo la vidole, si kwa ncha. Ni baridi linapogusa mwili, dakika chache baadaye lina joto la mwili wenyewe. Mgongoni anahitaji mwenzake wa kuvuta zipu. Mwishoni hupuliziwa silikoni juu na kusuguliwa kwa kitambaa laini hadi ling'ae, na kabla ya hapo linaonekana la kusikitisha, limejaa vumbi la poda kama gari la njia ya Dodoma enzi za barabara ya vumbi. Shughuli yote inaweza kula saa nzima. Ndiyo maana wanaokataliwa mlangoni huwa si wavaaji hawa. Aliyepitia hayo hakataliwi.

Mafundi wa mavazi haya hawatumii cherehani, kwa kuwa sindano ikitoboa mpira inaanzisha mpasuko. Huanza na shuka za mpira zinazouzwa kwa mita. Kwa mafundi wa London, nyingi hutoka kiwanda cha Four D kilichoko Heanor, Derbyshire, na unene wa kawaida wa nguo ni kama milimita 0.4. Fundi hukata vipande kwa kisu cha gurudumu, husafisha kingo kwa kiyeyusho, hupaka gundi pande zote mbili, husubiri ikauke hadi isinate kidoleni, kisha hulaza ukingo juu ya ukingo, milimita chache tu, na kuupitishia kibingirisho. Gundi ikigusana haina msamaha. Kipande kikikaa kombo hakinyooshwi. Mlango wa klabu ndio uliowalisha mafundi hawa: miaka ya 1990 wabunifu kama House of Harlot walipata wateja wa kudumu kwa sababu kila mwezi kulikuwa na usiku ambao huwezi kuingia bila kazi yao.

Hata washona viatu wa mashambani walipata riziki. Katika kijiji cha Earls Barton, Northamptonshire, kiwanda cha familia cha W. J. Brooks kilikuwa kinakufa kwa kukosa wateja wa viatu vya kiume vya heshima, Steve Pateman akaamua kutengeneza buti ndefu za kisigino kwa saizi za wanaume. BBC ilitengeneza makala yake mwaka 1999, filamu ya Kinky Boots ikafuata mwaka 2005, na tamthilia ya muziki yenye nyimbo za Cyndi Lauper ikazoa tuzo sita za Tony mwaka 2013. Mafundi wazee waliokuwa wakishona viatu vya makarani walijikuta wakipima jinsi ya kuufanya msumari wa kisigino ubebe kilo tisini.

Berlin ilichukua sharti hilo na kulipindua. KitKatClub ilifunguliwa Machi 1994 na Mwaustria Simon Thaur na mwenzake Kirsten Krüger. Imehama mara kadhaa. Tangu 2007 iko Köpenicker Straße. Jumamosi, mgeni huulizwa amevaa nini chini ya koti, na jibu linaweza kuwa karibu hakuna kitu, mradi limekusudiwa. Asiye na vazi la kumfaa anaweza kuambiwa avue badala ya kurudi nyumbani. Simu huachwa au hufungiwa kabla ya kuingia. Katika hilo Berlin imeitangulia London kwa mbali: tangu kila mkono ushike kamera, mpelelezi hatari si tena yule wa suti, ni yule mwenye vazi zuri na simu mfukoni. Klabu kubwa ya Berghain, iliyofunguliwa 2004 na waandaaji waliotokea kwenye sherehe za fetishi za wanaume zilizoitwa Snax, nayo hubandika stika juu ya kamera za simu. Sifa zote za mlango wa Berghain, foleni ya saa nyingi na mlinzi mwenye tatuu usoni anayetikisa kichwa, zina mzizi huku.

Wajerumani, kwa kawaida yao, wameliweka jambo kwenye karatasi. Mei 2021 Bunge la Bundestag lilitaka klabu za muziki zitambuliwe kama asasi za utamaduni, zitenganishwe na kumbi za kamari na madanguro katika sheria za ujenzi. Miezi michache kabla, Desemba 2020, KitKat ilikuwa imegeuzwa kituo cha kupima Korona. Foleni ilikuwa ndefu kama zamani, na kwa mara ya kwanza watu waliruhusiwa kuingia na majaketi yao ya baridi.

Si kila kitu katika mlango huu ni cha kusifiwa. Vazi zima la mpira hugharimu mamia ya pauni, na sharti lililoanza kwa kuwalinda wenye haya limekuwa mara nyingi likiwachuja wasio na pesa. Wanaume hulalamika, na kwa haki, kwamba mwanamke mwenye sidiria nyeusi hupita wakati mwanamume mwenye suruali ya ngozi ya mitumba anahojiwa. Waliojua kujishonea, au kununua masalia ya jeshi, buti za wapanda farasi na aproni za machinjioni, ndio waliokuwa na mvuto zaidi katika miaka ya mwanzo, na picha za wakati ule zinathibitisha hivyo. Siku hizi wengi hufika na vazi lililoagizwa mtandaoni juzi, wote wanafanana.

Wakati huohuo nguo zenyewe zimetoka nje bila koti. Gianni Versace alizipandisha jukwaani kwenye maonyesho ya 1992, mwaka ambao Michelle Pfeiffer aliwaonyesha watazamaji wa Batman Returns mpira mweusi ulioshonwashonwa. Desemba 2009, mjini Blackpool, Lady Gaga alipiga goti mbele ya Malkia Elizabeth II akiwa na gauni jekundu la mpira mtupu, shingo yake imezungushiwa kola ya mtindo wa Malkia Elizabeth wa kwanza. Gauni lilitengenezwa na Atsuko Kudo, Mjapani mwenye karakana London. Malkia alimpa mkono kama alivyokuwa akiwapa wote.

Torture Garden ingali inaandaa sherehe, KitKat ingali inafungua milango, na kila moja huchapisha masharti yake ya mavazi kwenye tangazo la usiku husika. Yanatofautiana, kwa hiyo anayetaka kwenda ayasome kabla ya kununua tiketi. Atakuta vyumba vya kubadilishia nguo, kwa hiyo hana haja ya kumtisha dereva wa teksi. Aulize kabla ya kumgusa mtu au vazi la mtu, maana hilo ndilo kosa linalomtoa mgeni nje kwa haraka kuliko yote. Na jinzi, hata ikiwa nyeusi, hata ikiwa mpya, bado inarudishwa nyumbani.